Mzimu Mwenye Kesi: Kuunda Ulimwengu wa Mchezo wa Mezani Kutoka Joseon

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Niko na Baraka, ambaye kwa muda sasa anatengeneza ulimwengu wa mchezo wa mezani uliojengwa juu ya historia na ngano za Korea. Kwa mgeni wa mambo haya: mnakaa mezani watu wanne au watano, mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake. Mnasimulia kwa zamu, na penye shaka mnarusha dadu. Baraka, daftari lako naliona limejaa. Tuanzie wapi?

BARAKA: Tuanzie na enzi, dada, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukisema tu "Korea ya kale" bado hujasema kitu. Kuna enzi ya falme za Goguryeo, Baekje na Silla, mpaka Silla ikaziangusha zile nyingine mbili karne ya 7. Kuna Goryeo, kuanzia 918, watawa wa Kibudha wana nguvu na Wamongolia wanavamia. Halafu Joseon, kuanzia 1392, serikali inaendeshwa kwa mafundisho ya Confucius. Ukichanganya mashujaa vijana wa Silla na kofia nyeusi za wasomi wa Joseon kwa sababu vyote vinapendeza kwenye tamthilia, mavazi utakuwa nayo, nchi hutakuwa nayo.

ZUHURA: Na wewe umechagua Joseon.

BARAKA: Joseon ya karne ya 18, na nimeichagua kwa ajili ya mtu mmoja: amhaengeosa, mkaguzi wa siri wa mfalme. Mfalme anamteua ofisa, anampa barua iliyofungwa kwa lakiri, na ni marufuku kuifungua kabla hajatoka nje ya lango la mji mkuu, Hanyang, ambao leo ni Seoul. Akishatoka ndipo anasoma amepangiwa wilaya gani. Anavaa matambara, anajifanya msomi aliyefulia, anakaa kwenye vilabu vya pombe ya mchele akisikiliza watu wanalalamikia nini. Ndani ya nguo kaficha vitu viwili. Kimoja ni mapae, bamba la shaba la duara lenye picha za farasi. Idadi ya farasi waliochorwa ndiyo idadi ya farasi anaoruhusiwa kuchukua kwenye vituo vya serikali njiani. Kingine ni rula ya shaba.

ZUHURA: Rula ya nini tena?

BARAKA: Ya kukamatia wezi! Kodi ililipwa kwa nafaka na vitambaa. Mkuu wa wilaya akitaka kuiba, anaongeza ukubwa wa pishi la kupokelea, mkulima anadhani kaleta pishi moja kumbe kaleta na nusu juu. Mkaguzi anatoa rula, anapima pishi. Hata bakora za kuchapia watuhumiwa zilikuwa na unene na urefu wa kisheria, nazo anazipima. Ushahidi ukitimia anatoa mapae hadharani, wale waliokuja naye wanapiga kelele "Amhaengeosa chuldo!", yaani mkaguzi katokea, wanaingia ofisini, ghala linapigwa muhuri na mkubwa anavuliwa madaraka siku hiyohiyo.

ZUHURA: Hapo nimekuelewa kabisa. Tatizo kubwa la michezo hii huwa ni lile: kwa nini watu watano wasiofanana wanatembea pamoja, na nani kawapa ruhusa ya kuingilia mambo ya kijiji cha watu?

BARAKA: Ndiyo! Kwetu jibu limo ndani ya historia yenyewe. Mmoja ni mkaguzi. Wengine ni karani wake, mchuuzi wa wale wa kubeba mizigo mgongoni, waliokuwa na chama chao chenye sheria kali, askari wa zamani wa kikosi cha kuwinda chui milia, maana Joseon ilikuwa na askari wa kazi hiyo hasa, na mudang.

ZUHURA: Mudang tumwelezee taratibu, maana msikilizaji wa pwani atamtambua mapema. Ni mganga wa mizimu, mara nyingi mwanamke. Anapigiwa ngoma, anapandisha, na aliyekufa anasema kwa kinywa chake. Wapo wanaopanda pekupeku juu ya makali ya visu kuonyesha kwamba mzimu umefika. Na asili yao inasimuliwa kwa hadithi ya Bari, binti wa saba wa mfalme, aliyetupwa kwa sababu si mtoto wa kiume. Wazazi walipougua akaenda yeye mpaka nchi ya wafu kuwaletea maji ya uzima.

BARAKA: Na kitabaka yuko chini kabisa! Hapo ndipo mchezo unapopata moto. Mkaguzi ni yangban, tabaka la wasomi watawala. Kitabuni anatakiwa kuuona uganga kuwa ni upotofu, na serikali iliwahi kuwafukuza mudang mjini. Lakini mama yake mwenyewe akiumwa usiku, anatumwa mtu wa kwenda kumwita mudang. Wachezaji wawili hawa wakikaa meza moja, mazungumzo yanajizaa yenyewe.

ZUHURA: Unaonyeshaje tabaka mezani bila kutoa mihadhara?

BARAKA: Kwa hopae. Ni kibao cha utambulisho, kilianza 1413, kila mwanamume wa miaka 16 na kuendelea alipaswa kuwa nacho. Mkubwa anabeba cha pembe ya ndovu, wa chini yake cha pembe ya mnyama, mtu wa kawaida cha mti. Ninampa kila mchezaji kadi iliyokatwa kwa umbo hilo. Mkifika kwenye lango, msimulizi anasema, "Vibao." Kila mtu anaweka chake mezani, na mlinzi anabadilisha lugha yake mbele ya kila mmoja.

ZUHURA: Nina neno hapo. Tabaka la chini la Joseon lilikuwa na watumwa, nobi. Waliuzwa na kurithishwa. Sisi watu wa pwani tunajua maana ya jambo hilo, na sitaki kuliona likiwa pambo la mandhari, mtumwa anashika taa nyuma ya mkaguzi mpaka mchezo unakwisha.

BARAKA: Ungefanyaje?

ZUHURA: Ningempa mtu huyo jina na kitu anachokitaka. Historia inatusaidia. Mwaka 1592 Wajapani walipovamia na mfalme akaukimbia mji, kumbukumbu za enzi zinasema ofisi iliyotunza daftari za watumwa ilichomwa moto, na waliochoma hawakuwa Wajapani, walikuwa wenyeji. Watumwa wa serikali waliachiwa huru 1801, na utumwa wenyewe ukafutwa 1894. Kwa hiyo mchezaji wa karne ya 18 akimcheza nobi, anacheza mtu ambaye babu wa babu yake huenda aliuona moto ule. Wilaya ina daftari. Daftari liko ghalani. Mkaguzi ana ufunguo wa ghala. Hapo kuna kisa.

BARAKA: Hicho nakiandika sasa hivi. Kinakaa vizuri na msingi wa mchezo mzima, ambao ndio nilitaka tufike. Kwenye michezo mingi iliyofuata ule wa kwanza wa Marekani wa 1974, Dungeons & Dragons, kiumbe cha ajabu kazi yake ni kuuawa. Ngano za Joseon zinanipeleka kwingine. Mzimu anakuja kwa sababu ana shauri ambalo hakuna aliyelisikiliza. Kisa cha Arang wa Miryang kinatosha.

ZUHURA: Kisimulie.

BARAKA: Arang ni binti wa mkuu wa wilaya ya Miryang. Mlezi wake anamdanganya watoke usiku wakatazame mwezi. Kumbe kalipwa. Mwanamume anajitokeza, anataka kumwingilia kwa nguvu, binti anakataa, anachomwa kisu, na maiti inafichwa kwenye mianzi. Baba anaambiwa binti katoroka na mwanamume. Anaondoka wilayani kwa aibu. Kuanzia hapo kila mkuu mpya anayeletwa anakufa usiku wa kwanza. Nafasi inakosa mtu. Mwishoni anajitolea mmoja mwenye moyo. Usiku taa zinayumba, mlango unafunguka, anaingia msichana nywele chini, damu nguoni. Yule bwana hakimbii. Anamuuliza, "Wewe ni nani, na una shida gani?"

ZUHURA: Kumbe waliotangulia walikufa kwa woga tu.

BARAKA: Kwa woga! Arang hakumgusa mtu. Alikuja kwa hakimu kufungua kesi. Akamwambia bwana yule: kesho wakusanye watumishi wako wote, nitakuja kwa umbo la kipepeo mweupe, nitatua juu ya aliyeniua. Ikawa hivyo. Muuaji akakiri, maiti ikapatikana mianzini, na mpaka leo Miryang kuna kibanda chake cha heshima chini ya jumba la Yeongnamnu.

ZUHURA: Kwa kanuni za mchezo hilo linageukaje?

BARAKA: Kila mzimu ninaouandika una mambo matatu kwenye karatasi ya msimulizi: dai lake, ushahidi uliopo duniani, na kitu kinachomzuia asisikike. Arang anazuiwa na sura yake yenyewe, anatisha. Kwa hiyo raundi ya kwanza ni ya moyo: mchezaji akishindwa, anazimia na usiku umepotea. Akishinda, anauliza swali moja. Moja tu kwa kila zamu. Ukimpiga mzimu upanga, upanga unapita, na kesho saa ileile anarudi, ila sasa anajibu swali moja pungufu. Mudang anaweza kumpa kinywa chake, mzimu ukasema bila kutisha mtu, lakini mudang huyo asubuhi hawezi kutembea. Nimeona wachezaji waliozoea vita wakikaa kimya wakipanga swali lao, wananong'onezana.

ZUHURA: Sasa usije ukaifanya Korea yote iwe machozi. Dokkaebi yuko wapi?

BARAKA: Yupo! Huyo ni kibwengo, anatokana na kitu kikuukuu kilichoguswa na damu ya binadamu: fagio lililochakaa, kwa mfano. Anapenda mieleka kupita kiasi, anapenda jeli ya ngano nyeusi, ile ya buckwheat, na ana kofia ya kumfanya asionekane. Kisa chake kinachojulikana: mtu anarudi kutoka sokoni kalewa, jitu linamzuia njiani, "Tupigane mieleka!" Wanapigana usiku kucha. Mtu anashinda, analifunga jitu kwenye mti, anakwenda kulala. Asubuhi anarudi na majirani, wanakuta fagio limefungwa kwenye mti.

ZUHURA: Na tafadhali usimchore na pembe. Wataalamu wengi wa ngano wa Korea wanasema zile pembe na rungu la miiba zimetoka kwa oni, zimwi wa Kijapani, zikaingia kwenye picha za vitabu vya shule wakati wa ukoloni, kati ya 1910 na 1945. Ukimchora na pembe unaendeleza kazi ya mkoloni bila kujua.

BARAKA: Wangu anafanana na mwanakijiji mrefu anayenuka moshi.

ZUHURA: Twende kwenye dadu. Au hutumii dadu?

BARAKA: Natumia vijiti vya yut, wanavyochezea familia za Korea mwaka mpya. Vijiti vinne, upande mmoja bapa, mwingine mviringo. Bapa moja juu ni nguruwe, mbili mbwa, tatu kondoo, zote nne ng'ombe. Zikilala zote kwa upande wa mviringo ni farasi. Ukifanya hesabu kama sarafu, mirusho 16 inakupa nguruwe 4, mbwa 6, kondoo 4, ng'ombe 1 na farasi 1. Nguruwe umeshindwa, mbwa umefaulu kwa gharama, kondoo umefaulu, na ng'ombe au farasi umefaulu na unarusha tena, kama kwenye yut yenyewe. Vijiti halisi havilali sawa kwa sababu ya ule mgongo, kwa hiyo vijaribu vyako kwanza.

ZUHURA: Ni mkali. Kondoo na kuendelea ni 6 tu kati ya 16.

BARAKA: Ndiyo maana kuna kusaidiana. Mwenzako akieleza anakusaidiaje, anageuza kijiti chako kimoja. Mbwa anakuwa kondoo. Lakini akishageuza, gharama ikitokea ni yenu wote wawili.

ZUHURA: Na wanaopenda dadu wajue Silla ilikuwa na dadu ya pande 14! Ilipatikana 1975 kwenye bwawa la jumba la kifalme huko Gyeongju, ya mti, sura 6 za mraba na 8 za pembe sita, kila upande una amri ya karamuni: kunywa vikombe vitatu kwa mpigo, kucheza dansi bila muziki, kupigwa pua na watu. Ya asili iliungua wakati wa kukaushwa kwa ajili ya kuhifadhiwa, zimebaki nakala.

BARAKA: Hiyo naiweka kwenye kilabu. Wahusika wakilewa, tunairusha.

ZUHURA: Kampeni, yaani kisa kimoja kinachochezwa kwa vikao vingi, ikiwa ndefu, unatunzaje kumbukumbu?

BARAKA: Kama Joseon yenyewe. Walikuwa na waandishi wa historia waliokaa na mfalme wakiandika kila kitu, na mfalme aliye hai haruhusiwi kusoma. Ndipo ikatoka ile sillok, kumbukumbu rasmi za wafalme, juzuu 1,893. Humo hata mambo ya ajabu yamo: mwaka 1527 walinzi wa ikulu waliona usiku kitu kama mbwa, ukubwa wa farasi mdogo, kikikimbia, na woga ukaenea ikulu nzima. Kwa hiyo kila kikao mchezaji mmoja ni mwandishi. Anaandika mistari mitatu, anaifunga kwenye bahasha. Hakuna anayesoma mpaka kampeni iishe, hata mimi msimulizi.

ZUHURA: Na kama mhusika wangu amefanya la aibu, nikamwomba mwandishi aliache?

BARAKA: Mfalme Taejong alijaribu. Mwaka 1404 alikuwa anamwinda paa, akaanguka kutoka kwenye farasi. Akasimama, akatazama kushoto na kulia, akasema mwandishi asijue. Tunalijua hilo leo kwa sababu mwandishi aliandika kwamba kaanguka, na akaandika kwamba kasema asijue.

ZUHURA: Basi Jumamosi uandishi nauchukua mimi, na wewe leta bahasha.