Nafanya nini kwenye mbio za baiskeli Ulaya? Leo nawajibu

Haya jamani mambo vipi, shikamooni wazazi wote mnaoniangalia, dada yenu nipo nyumbani Moshi, Desemba hii mnajua wenyewe Mchaga lazima arudi, na msimu wa mbio ulishaisha Oktoba kwa hiyo leo nina muda wa kulijibu lile swali mnaloniuliza kila nikiposti, kwamba dada huko Ubelgiji upo kwenye timu ya baiskeli mbona hatujawahi kukuona unaendesha. Siendeshi. Mimi ni mhudumu wa timu, nachua misuli, nafua, naandaa vyakula vya njiani, nadrive, nasimama barabarani kuwapa chupa.

Sasa hizi mbio za hatua ni kwamba watu wanashindana siku nyingi mfululizo, leo mji huu kesho ule, na muda wa kila siku unajumlishwa. Tour de France ndo kubwa kuliko zote, ilianza 1903, hatua 21 ndani ya siku 23, kilomita elfu tatu na mia kadhaa, na kila timu inaingiza waendeshaji 8 tu. Lakini nyuma ya hao 8 kuna watu wengi kuliko wao, kuna mafundi, mpishi, daktari, makocha, madereva, na sisi. Mtu wa Moshi hili halimsumbui, ni msafara wa mlima ule ule, mgeni anaamka anakuta chai tayari, akiondoka wagumu, yaani wapagazi, wanavunja kambi, wanabeba, wanampita njiani, akifika anakuta hema limesimama. Na sisi hivo hivo, kuna wanaotangulia na lori mpaka hoteli ya usiku kupanga vyumba, na timu nyingine zinahama na magodoro kabisa ili mtu alale godoro lile lile kila siku.

Kazi ninayoipenda ni ya chakula. Tunapika wali wa punje fupi ule unaonata, unaiva mpaka unalainika kabisa, tunachanganya na jibini laini na sukari na chumvi kidogo, tunashindilia kwenye trei, ukipoa tunakata vipande vya kumaliza kwa kung'ata mara mbili, kimoja kimoja kwenye foili, na foili lazima uikunje hivi, ona, ncha ibaki nje, maana mtu anaifungua kwa mkono mmoja na meno huku mwingine umeshika usukani. Siku hizi kwenye hatua ngumu mwendeshaji anakula wanga gramu 90 mpaka 120 kwa saa, kila saa! Akizembea kula nguvu zinakata ghafla, na siku hiyo imeshaharibika.

Halafu kuna kuwapa vifuko vya chakula njiani. Unatafuta sehemu wanapoonekana kwa mbali, hasa kwenye kakilima wanakopunguza mwendo, unasimama na jezi ya timu ili wakujue, unanyoosha mkono, kamba ya kifuko unaishika kwa ncha za vidole tu. Ukikaza unamwangusha. Kundi zima linakuja na ule upepo wake, wewe unamtafuta wako, anapitisha mkono kwenye kamba, unaachia, wa pili huyo hapo, na chupa zipo mkono mwingine. Aisee moyo unadunda kila siku, haijalishi umezoea kiasi gani.

Mafundi nao nawapa heshima zao, yule wa kwenye gari anakaa siti ya nyuma na matairi ubavuni, na magari yanapangwa kwa msimamo wa mashindano, timu yenye mtu wa juu gari lake linakuwa mbele, kwa hiyo timu ya chini mtu wao akipata pancha anasubiri kweli kweli. Jioni wanaosha baiskeli zote kwa sabuni, mnyororo mpaka ung'ae, kila siku bila kuruka, hata inyeshe.

Usiku ni kuchua. Hapo mtu analala kwenye kitanda anaongea yale ambayo kocha hamwambii, kwamba goti linauma, kwamba anaogopa mteremko wa kesho, na wewe lazima ujue lipi ni la daktari na lipi linabaki hapo hapo. Hela yake ni ya kawaida, wengi wetu tunalipwa kwa siku, na mgongo unalia, sitaki mtu anidhanie nimetajirika.

Ila niwaambie kinachoniuma. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na akachukua jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua pale, nililia. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, hapo jirani tu. Na sisi tuna barabara ya kupanda Marangu, tuna baridi, tuna vijana wanaosukuma baiskeli na mikungu ya ndizi kila siku, miguu ipo. Kinachokosekana ni wa kumshikia chupa, wa kumchua, fundi anayejua kurekebisha gia gizani. Na watu wa kufundisha kazi hizo tunao, yule mgumu aliyezoea kuamka saa tisa usiku, mpishi anayelisha watu kumi juu ya jiko moja kwenye baridi, nidhamu hiyo Ulaya wanaitafuta.

Kwa hiyo nimeamua, kabla sijarudi nakaa na mafundi baiskeli wa Mbuyuni hapa Moshi na vijana wa mlima, tutafute kiwanja, niwafundishe kupeana chupa kwenye mwendo na kuandaa hivi vifuko, bure. Waendeshaji mje na helmeti, bila helmeti sikupi chupa. Komenti hapo chini andika upo wapi na unafanya kazi gani, hata wa Arusha mje, basi la asubuhi linawafikisha mapema tu.