Dongola: Wakristo wa Mto Nile

NEEMA: Haya karibuni tena jamani. Leo tuko Sudani. Juma wiki nzima ananitumia mavoisi usiku wa manane, Dongola, Dongola, ule mji wa kale wa kule, kwa hiyo leo namwacha aongee.

JUMA: Dada, hii kitu imenishika kweli. Si tumekua tukiambiwa Ukristo Afrika umeletwa na wamisionari wa kizungu, juzi tu hapa karne ya 19? Sasa Wanubi, hapo kusini ya Misri, walianza kubatizwa mwaka 543 hivi, yani miaka 50 na zaidi kabla Papa hajatuma watawa wake Uingereza.

NEEMA: Na waliwabatiza kina nani?

JUMA: Watu kutoka Constantinople, mji mkuu wa Dola ya Kirumi ya Mashariki. Kaisari Justinian anaandaa ujumbe wake, mkewe Theodora naye anaandaa wa kwake maana kwenye imani hawakuwa upande mmoja, na wa mama ndo ukatangulia kufika. Baadaye falme mbili za Wanubi zikaungana chini ya mmojawapo, Makuria, makao makuu Dongola.

NEEMA: Haya sema ile ya mishale.

JUMA: Eeh, mwaka 652. Waarabu wameshaichukua Misri yote, wanapanda na mto mpaka Dongola, wana mitambo ya kurusha mawe, wanapiga kanisa kuu la mji, na bado mji hawakuupata. Wanubi walikuwa wanalenga macho, siyo kifua, macho! Na aliyetuachia habari hiyo siyo Mnubi, ni waandishi wa Kiarabu wenyewe, waliwaita wapiga mishale wa mboni za macho. Ikabidi wapatane, mkataba wenyewe unaitwa bakti, na ulidumu kama miaka 600.

NEEMA: Hapo usipite haraka kaka. Huo mkataba ulikuwa unataka nini? Watumwa 360 kila mwaka waende Misri, Dongola inaletewa ngano na nguo. Ni binadamu wale, wana mama zao. Mi inaniuma, tukiusifu huo ufalme na hili tuliseme.

JUMA: Tuliseme, na sina cha kuwatetea.

NEEMA: Afu kuanguka kwake sasa, mi naona kulianzia ndani ya nyumba. Kule kiti cha ufalme mara nyingi kilikuwa kinaenda kwa mpwa, mtoto wa dada, kwa hiyo wenye haki ya kudai walikuwa wengi.

JUMA: Wengi mno. Mwaka 1272 mfalme Dawud anaivamia Aidhab, bandari ya Bahari ya Shamu wanapopita mahujaji, na Cairo pale amekaa Baybars, sultani aliyepigana na Wamongolia akawashinda, huyo mtu humchokozi ukabaki salama. Na nani akaja na jeshi la Baybars mwaka 1276? Shakanda, ndugu yake Dawud wa ukoo uleule wa kifalme. Dawud akakimbia, Shakanda akavikwa taji, na kuanzia hapo kila mwenye kinyongo na mjomba wake anajua njia ya kwenda Cairo.

NEEMA: Ndo maana sikubali mtu akisema Uislamu uliiua Makuria. Walikuwa majirani karne sita! Hata ukumbi wa enzi ulipogeuzwa msikiti mwaka 1317, mfalme aliyeingia ni Mwislamu, ndiyo, lakini ni mtoto wa ukoo uleule. Kiti ndo kiliwamaliza. Mwaka 1365 wakaihama Dongola, wakabaki na kipande kidogo kaskazini, na hati ya mwisho inayomtaja mfalme wao, Joel, ni ya 1484.

JUMA: Afu kuna Faras, mji mwingine wa kale wa Wanubi. Kanisa kuu lilifunikwa na mchanga mpaka juu, miaka ya 1960 kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafika wakaja wachimbaji wa Poland na profesa Michałowski, wakakuta kuta zimejaa picha, zaidi ya 120, rangi bado zinawaka. Askofu Petros mweusi kabisa, Mtume Petro kasimama nyuma yake kamshika mabega. Mtakatifu Anna kaweka kidole mdomoni. Nilivyoiona ile ya Petros nilikaa kimya muda mrefu.

NEEMA: Ziko wapi sasa?

JUMA: Waligawana, nusu Warsaw, nusu Khartoum. Za Warsaw zipo ukutani watu wanaenda kuziangalia. Makumbusho ya Taifa ya Khartoum, tangu vita vya 2023, yameporwa.

NEEMA: Ee Mungu wangu.