Fulana ya Kuzuia Risasi Mbele ya Silaha Iliyo Karibu

Mabibi na mabwana, swali linalojirudia kila panapozungumzwa fulana za kuzuia risasi ni hili: mtu akifyatuliwa risasi kutoka hatua tatu au nne, je, fulana itamwokoa? Wengi huamini kwamba umbali ndio unaoamua. Mimi nashikilia kwamba la kwanza kuulizwa ni aina ya silaha, na umbali hufuata nyuma sana.

Huko Marekani, ambako viwango vya Taasisi ya Taifa ya Haki vimekuwa rejeleo hata kwa wanunuzi wa nchi nyingine, fulana laini hujaribiwa kwa risasi za bastola zinazofyatuliwa kutoka mita 5 tu. Katika umbali huo risasi ya milimita 9 imepoteza sehemu ndogo mno ya kasi iliyotoka nayo mtutuni, kwa hiyo fulana iliyofaulu jaribio hilo imefaulu mbele ya risasi ya karibu. Kazi hiyo hufanywa na nyuzi ngumu za jamii ya Kevlar, ambayo mkemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont aliigundua mwaka 1965. Tabaka nyingi za kitambaa huinasa risasi ya bastola, ambayo kiini chake ni madini laini ya risasi, huifanya ibonyee na kupanuka, kisha husambaza nguvu zake kwenye eneo kubwa zaidi ya ncha yake.

Bunduki ya kivita ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo watu hupoteza maisha kwa kuamini jina la vazi. Risasi ya milimita 9 inayokwenda mita 398 kwa sekunde hubeba takriban jouli 630. Ile ya AK-47, bunduki inayojulikana mno katika Afrika Mashariki, hutoka kwa kasi ya takriban mita 715 kwa sekunde ikiwa na jouli zipatazo 2,000, tena ina ncha iliyochongoka na mara nyingi kiini cha chuma kisichobonyea kwa urahisi. Fulana laini ya daraja la IIIA, yaani daraja la juu la kinga dhidi ya bastola katika viwango vya Taasisi hiyo, ambalo katika toleo la viwango hivyo la mwaka 2023 linaitwa HG2, haikutengenezwa kuizuia, iwe imefyatuliwa kutoka mita 5 au mita 100. Kinachohitajika ni bamba gumu, kwa mfano la kauri, ambalo huivunja ncha ya risasi huku tabaka la nyuma likidaka vipande vyake. Anayemkabidhi mlinzi fulana laini pekee na kumpeleka mahali penye bunduki za namna hiyo amemwacha bila kinga, na naona ni wajibu wetu kulisema hilo waziwazi.

Risasi ikizuiwa, mwili bado hupokea pigo. Maabara huipima athari hiyo kwa kuweka fulana juu ya udongo wa mfinyanzi na kupima kina cha shimo lililobonyea nyuma yake, ambacho hakitakiwi kuzidi milimita 44. Kikomo hicho kilitokana na majaribio ya miaka ya 1970 yaliyofanywa kwa mbuzi, kwa hiyo hakimaanishi kwamba aliyevaa hataumia: michubuko mikubwa hutokea, mbavu huweza kuvunjika, na aliyepigwa anastahili kupelekwa hospitali hata kama haoni damu. Mtutu ukigusa fulana yenyewe, gesi ya moto inayotoka pamoja na risasi huongezeka kwenye pigo, na jaribio la mita 5 haliipimi hali hiyo.

Hali ya fulana nayo ina uzito wake. Mwaka 2005 Taasisi hiyo iliacha kuzitambua fulana zenye nyuzi za Zylon baada ya kubainika kwamba nyuzi hizo hudhoofika kwa unyevu na joto. Kwa sisi wa pwani, fulana ihifadhiwe mahali pakavu, mbali na jua, na ikaguliwe ganda lake lisiwe limechanika.

Pamoja na mipaka hiyo yote, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 kuhusu askari polisi waliopigwa risasi kiwiliwili ulionyesha kwamba kuvaa fulana huongeza uwezekano wa kunusurika zaidi ya mara tatu. Lakini fulana hulinda pale tu inapofunika. Askari anapoinua mikono kulenga shabaha, kwapa hubaki wazi, na risasi inayopitia hapo huufikia moyo na mapafu bila kukutana na uzi hata mmoja; ndiyo maana mnunuzi anapaswa kuangalia upana wa ubavuni na kipimo cha mwili wa kila mvaaji kabla ya kuuliza bei.