Necropotence: Kununua Kadi kwa Uhai

Ndugu wapenzi wa kadi, asanteni kwa kuja. Leo tukae na kadi moja tu ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, nayo ni Necropotence. Ilitoka mwaka 1995 katika seti ya Ice Age, na mpaka leo nikitaka kumweleza mtu undani wa mchezo huu, ndiyo ninayoishika kwanza.

Tuisome. Gharama yake ni mana tatu nyeusi, mana ikiwa ni nguvu ya kulipia kadi. Ikishakaa mezani, inakunyima hatua yako ya kuvuta kadi: mwenzako anavuta kila zamu, wewe huvuti. Kadi yoyote utakayoitupa kutoka mkononi haibaki makaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizotumika au kutupwa, inaondolewa mchezoni. Baada ya adhabu hizo mbili ndipo inakuja fadhila: lipa pointi moja ya uhai, chukua kadi ya juu ya rundo lako, iweke kando kifudifudi bila kuitazama, na hatua ya mwisho ya zamu yako ikianza, itaingia mkononi. Hulipi mana. Lipa mara moja, mara tano, mara kumi, mradi uhai upo.

Anayeisoma kwa pupa huona hasara tupu. Mnaanza na uhai 20, ukifika sifuri umeshindwa. Iweje mtu ajipunguzie mwenyewe? Hapa naomba mtulie nami. Pointi ya ishirini haikufanyii kazi yoyote. Wala ya kumi na tisa. Inayokutenga na kushindwa ni ile ya mwisho. Zilizobaki zote ni akiba, na mtu akishinda akiwa na uhai 20 kamili, akiba hiyo hakuitumia kabisa.

Tazameni zamu ya kwanza. Una kadi 7. Unaweka Swamp, kadi ya ardhi inayokupa mana moja nyeusi, unapiga Dark Ritual, ambayo kwa mana moja nyeusi inakupa tatu, na kwa hizo tatu unaiteremsha Necropotence. Mkononi zimebaki 4. Unalipa uhai 3, unamaliza zamu ukiwa na kadi 7 na uhai 17. Zamu inayofuata unaweka ardhi, unapiga Hymn to Tourach, mpinzani anatupa kadi 2 za kubahatisha. Wewe umebaki na 5, unalipa 2, umerudi 7. Yeye anapungua, wewe hupungui. Kwangu mimi huo ndio uzuri wake wote, na sijachoka kuutazama.

Sasa wakati wa kulipa, maana hapa wengi huteleza. Lipa kabla hatua ya mwisho ya zamu yako haijaanza. Ukichelewa, ukalipa hatua hiyo ikiwa imekwisha anza, kadi zako zitasubiri mpaka mwisho wa zamu yako nyingine. Na kwa kuwa mkono hauruhusiwi kuvuka kadi 7 zamu inapofungwa, ziada utaitupa na itapotea kabisa. Hata hivyo kuna siku inafaa kulipa zaidi: ukiwa na 4 mkononi ukalipa 6, utakuwa na 10 za kuchagua 7 bora. Tena, mpinzani akitaka kuivunja, unaweza kulipa kwanza kama jibu. Kadi ulizokwisha kulipia zitakuja hata yenyewe ikiwa imeondoka.

Ndiyo maana ilioana vizuri na Nevinyrral's Disk, kadi inayofagia viumbe, vifaa na marogo (kadi za uchawi unaokaa mezani) yote, Necropotence ikiwemo. Mchezaji aliyekaribia kuishiwa uhai alifagia meza, akabaki na mkono uliojaa, akaanza tena kuvuta kama kawaida. Drain Life, kadi ya kunyonya uhai, nayo ilimrudishia sehemu ya alichotumia.

Mwaka 1996 kadi hii ilitawala mashindano, hata kiangazi kile wachezaji wakakiita cheusi. Baadaye ilipigwa marufuku katika Legacy, mojawapo ya mifumo ya mashindano ya mchezo huu. Lakini haikuwa haishindiki: kwenye fainali ya ubingwa wa dunia mwaka huohuo, Tom Chanpheng wa Australia, akitumia viumbe weupe wadogo wa kasi, alimshinda Mark Justice aliyekuwa na Necropotence. Kasi ndiyo dawa yake, kwa sababu kila pointi anayojilipisha mwenye kadi hii ni pointi ambayo huna haja ya kumtoa wewe. Akilipa 6 leo, amekuokolea Lightning Bolt mbili, kadi ambayo kila moja humtoa mpinzani pointi 3.