Kurekodi ni kitu kimoja, kurusha ni kitu kingine

(Mhadhara uliotolewa Mbeya mbele ya wanafunzi wa uandishi wa habari, maadmini wa magrupu na vijana wa bodaboda. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Haya, kamwene ndugu zangu wa Iringa na Njombe mliopo humu, mwagonile wa Tukuyu na Kyela, wazee wangu shikamooni, na nyie vijana wa kijiweni asanteni kwa kuacha abiria mkaja kukaa na sisi.

Nimeambiwa niongelee maadili ya habari. Mimi nimekaa chumba cha habari redioni miaka mingi, nikianza na vitabu vya chuoni hapa tutamaliza jioni na hawa wa bodaboda watakuwa wameshaondoka, na ukweli ni kwamba wao ndio nawahitaji zaidi. Kwasababu siku hizi lori likifeli breki mlima Iwambi au kule Inyala, mwandishi wa habari ndo anafika wa mwisho. Wa kwanza ni bodaboda, wa pili ni mama muuza ndizi, wote wana simu, na mpaka trafiki anafika video ishafika Tunduma, ishafika Dar, ishafika Lubumbashi. Kwahiyo mtu wa kwanza kuamua taifa lione nini sio mhariri tena, ni wewe uliyesimama pembeni ya barabara umeshika simu mkono unatetemeka.

Sasa hii barabara yetu mnaijua. TANZAM inabeba mafuta kwenda Zambia na Kongo, inaleta shaba, inabeba mabasi ya Dar usiku na mchana, na inapita Kitonga, inapita Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, inashuka huku kwetu kwenye miteremko mibaya. Basi moja tu lina mtu wa Mbarali, mtu wa Mbozi, mwanafunzi anarudi chuo, mama anatoka kumuuguza dada yake. Kila siti ina watu kumi wanaosubiri simu mahali fulani. Ukirekodi lile basi ukaonyesha rangi yake, namba yake, ukasogeza kamera kwenye sura ya mtu aliyelala pale chini, ukaandika "ajali mbaya sana Mungu atunusuru" ukairusha kwenye grupu la wenzako 200, umeshatangaza msiba. Umewatangazia watu usiowajua, na mmoja wao ni mama yuko sokoni Mwanjelwa anapanga vitenge, kafungua grupu la kikoba aone nani kalipa hisa, anaona shati la mwanae.

Huku kwetu msiba unajulikana unavyopelekwa. Mtu anaitwa, anakalishwa, anaulizwa kwanza kama ameshakula, mzee anaongea taratibu, na wanakuwepo wamama wawili watatu karibu wa kumshika. Ule utaratibu haukuwekwa kwa mapambo, wazee walijua kwamba mtu anaweza kuanguka, presha ikapanda, akakimbilia barabarani, na walijua pia kwamba namna ulivyoambiwa unaikumbuka mpaka kufa kwako. Simu imeuruka utaratibu wote huo, na hakuna kikao chochote tulichokaa tukakubaliana kwamba tuuache.

Tarehe 11 Machi 2015 pale Changarawe, Mafinga, kontena lililala juu ya basi la abiria lililokuwa linatoka Mbeya. Walikufa watu zaidi ya 40. Wengi humu mnaikumbuka, wengine mlizika. Picha zilisambaa siku ileile, na wakati huo simu za smati hazikuwa nyingi kama saivi na bando lilikuwa ghali kuliko leo. Leo ingekuwaje?

Lakini subirini, msije mkatoka hapa mkasema yule mzee wa redio katuambia tusirekodi. Sijasema. Nataka mnielewe vizuri sana hapa kwasababu ndio kiini cha maneno yangu ya leo.

Tarehe 2 Septemba 2012, kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, aliuawa Daudi Mwangosi. Alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, yupo kazini, anafuatilia shughuli ya Chadema ya kufungua tawi, polisi wakaja kuwatawanya watu, na akapigwa bomu la machozi akiwa karibu kabisa na askari. Wenzake walikuwa na kamera. Picha zilizoonyesha askari wamemzunguka zilichapishwa, nchi nzima ikaona, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kutuambia kwamba alikufa kwa namna nyingine. Mwaka 2016 Mahakama Kuu pale Iringa ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Unaweza kusema miaka 15 ni michache, mimi pia nina maoni yangu, lakini jiulize ile kesi ingekuwa wapi kama wale waandishi wangeshusha kamera kwa woga au kwa adabu. Kwahiyo mtu akikwambia "zima simu, heshimu marehemu" na wewe unaona kuna mwenye nguvu anafanya uovu, usizime. Rekodi. Katiba yetu ibara ya 18 inakupa haki ya kutafuta habari na kuitoa. Ibara ya 16, mbili tu nyuma yake, inampa yule mwingine haki ya faragha yake na ya familia yake. Zote zimo kwenye katiba moja na ni lazima uzibebe zote.

Ndo maana nasema kurekodi ni kitu kimoja na kurusha ni kitu kingine. Watu wanavichanganya kwasababu kwenye simu vimewekwa karibu, kitufe hiki hapa na kile pale, sekunde mbili tu. Ukirekodi umeshika ushahidi. Namba ya lori, nafasi ya magari barabarani, dereva alikuwa upande gani, kama kulikuwa na alama ya onyo au hakuna, vyote hivyo vina kazi. Polisi wanavihitaji, bima wanavihitaji, familia itakayodai fidia miaka miwili baadae inavihitaji sana, na mwandishi akitaka kuuliza kwanini mteremko ule ule unaua kila mwaka naye anavihitaji. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayehitaji sura ya marehemu kwenye stetasi yako. Mpe anayehusika, itunze, na usiikate wala kuiwekea muziki, kwasababu ikishakatwa wakili wa upande wa pili ataiponda.

Nyie wa uandishi sasa, nina maneno makali kidogo na nyie. Mnapenda kusema sisi tumeziba uso. Mtoto kafanyiwa ukatili, mnaenda kijijini Rungwe au Ileje huko, mnamziba uso, alafu mnamhoji mama yake uso wazi, mnaandika jina la mama, mnaonyesha nyumba na mgomba uliopo mbele ya nyumba, mwenyekiti wa kitongoji anatajwa jina na kitongoji chake, mtoto anasikika sauti yake mwenyewe na amevaa sare ya shule. Mmeziba nini hapo? Mtu wa Dar hamjui yule mtoto hata ukimwonyesha uso, wala hatamkumbuka kesho. Anayemjua ni wa palepale kijijini, na ndio atakayemnyooshea kidole kisimani, na darasani, na siku ya kuolewa. Faragha ya mtoto inalindwa dhidi ya jirani kwanza. Kwahiyo ukiandika habari ya namna hiyo jiulize jirani wa nyumba ya tatu akiisoma atajua ni nani? Kama atajua, punguza. Toa kitongoji, toa mama, toa sare, badilisha sauti. Habari itabaki na uzito wake kwasababu uzito upo kwenye kosa na kwenye kesi imefikia wapi, mambo ambayo mara nyingi hata hatuyafuatilii tena baada ya wiki moja. Hilo linaniuma. Tunamvua nguo mtoto siku ya kwanza alafu siku ya hukumu hakuna mwandishi mahakamani.

Kuna jambo la uvumi. Mwaka 2018 India kulisambaa video WhatsApp inaonyesha watu kwenye pikipiki wananyakua mtoto barabarani. Video ile ilitengenezwa Karachi, Pakistan, ilikuwa ya kuelimisha wazazi wawe makini, na mwishoni wale watu wanamrudisha mtoto na kuonyesha bango. Mtu akakata mwisho. Basi. Sekunde chache zimeondolewa na watu wasio na hatia wakaanza kupigwa na umati kwenye vijiji mbalimbali, kijiji kimoja kinaitwa Rainpada waliuawa watu watano siku moja, tarehe 1 Julai 2018. Ndipo WhatsApp wakaweka kikomo cha kufowadi, mtu au grupu tano tu kwa mara moja, kule India kwanza alafu mwanzoni mwa 2019 dunia nzima. Ile alama ya mishale unayoiona ikikwambia ujumbe umefowadiwa mara nyingi, ina damu nyuma yake.

Na msiseme hayo ya India. Oktoba 2016 kijiji cha Iringa Mvumi, Dodoma, watafiti wa kilimo na dereva wao waliuawa kwa kuitwa wanyonya damu. Hapakuwa na video yoyote, yalitosha maneno. Na sisi wa nyanda hizi tunajua hofu inavyotembea, wakubwa mnaikumbuka miaka ya wachuna ngozi Mbozi, na mwishoni mwa 2018 kuingia 2019 watoto waliuawa Njombe, mauaji ya kweli kabisa yenye majeneza. Hofu ya kweli ndio inayozaa uvumi wa uongo, kwasababu mzazi mwenye hofu hana muda wa kuuliza video hii ilichukuliwa wapi. Ukipata video ya namna hiyo sikiliza lugha inayoongelewa, angalia namba za magari na mabango ya maduka, piga picha ya skrini uitafute Google Lens uone kama ilishatokea mahali pengine mwaka mwingine. Dakika tatu. Usipopata jibu iache kwako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina adhabu kwa kusambaza taarifa za uongo, faini isiyopungua milioni 5 au jela miaka isiyopungua mitatu au vyote, ila mimi sipendi kuwatisha na sheria maana sheria hiyo watu wameilalamikia na wana hoja. Nataka uogope kumuua mtu.

Mtu ataniuliza, mimi mmoja nikiacha kufowadi inasaidia nini? Tarehe 15 Machi 2019 muuaji mmoja alirusha laivu Facebook dakika 17 akiwapiga risasi waumini msikitini Christchurch, Nyuzilandi. Waliokufa siku ile, kwenye misikiti miwili, walikuwa 51. Facebook wenyewe walisema walioangalia laivu hawakufika 200. Mia mbili tu. Alafu ndani ya saa 24 wakaondoa nakala milioni 1.5, ambazo nyingi zilizuiwa wakati watu wanajaribu kuzipandisha. Yule muuaji aliirusha mara moja. Zilizobaki zilirushwa na watu kama mimi na wewe, kila mmoja anaona yake ni moja tu.

Kuhusu zile onlaini tivii zinazoweka picha ya mbele ya damu na maneno TAZAMA ALIVYOKUFA, sitaki kupoteza muda. YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kuangaliwa ndani ya mwaka ndio ikulipe matangazo ya video ndefu, na kwa kanuni zao video za miili na damu hazipewi matangazo ya maana. Unamuuza marehemu wa watu alafu hata hela hupati.

Sasa nijibu maswali mawili niliyoandikiwa hapa.

La kwanza, kijana wa bodaboda anauliza nikifika kwenye ajali nianze na nini. Anza kuangalia kama kuna mafuta yanamwagika. Morogoro pale Msamvu tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea kuchota petroli, likalipuka na wakafa watu zaidi ya 100, wakiwemo vijana wa bodaboda kama nyie. Kama ni tenki rudi nyuma, rudisha na wenzako, piga 114 zimamoto au 112 polisi. Simu kazi yake ya kwanza ni hiyo. Alafu watoe watu njiani, mfunike aliyefariki na kitenge au koti. Ukishamaliza hayo na bado unaweza kurekodi, rekodi magari na barabara.

La pili ni la admini, anasema video ishaingia kwenye grupu, nifanye nini? Admini wa WhatsApp unaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye grupu lako, ubonyeze, ufute kwa wote, usiogope kwamba watakununia. Fanya hivyo kabla hujaanza kumgombeza aliyeituma. Na kama unajua kuna mtu humo ndugu yake alikuwa kwenye lile basi usimwandikie pole, mpigie. Muulize yuko wapi na yuko na nani, kama yuko peke yake mwombe jirani yake aende, na wewe baki kwenye laini mpaka usikie mlango umefunguliwa.