Mitumbwi imepaki, tuongelee anime (katuni za Kijapani) za msimu huu

Wangaluka, wadau! Wa Mwanza mshaitikia, wengine mtajifunza taratibu. Leo hamnioni kwenye kile chumba cha Nagoya, Japani, chenye pazia mnalolichekaga. Nipo Igombe, hapa Mwanza, kwa mjomba, nimekaa juu ya jiwe, ziwa hilo hapo nyuma. Likizo wiki tatu, halafu narudi kwenye zamu zangu za usiku. Subirini, ndege inashuka... Uwanja uko jirani, mtanivumilia. Haya, imepita.

Mnaiona hiyo mitumbwi? Imepaki yote, na si kwamba kuna msiba. Mwezi ni mpevu. Dagaa unamvua gizani: unawasha taa, anaifuata, unamzungushia wavu. Mwezi ukiwa hivi ziwa zima linang'aa, dagaa haoni sababu ya kuja kwenye kataa kako, utarudi na mtumbwi mtupu. Kwa hiyo mjomba leo siku ya nne hajaingia ziwani. Anashona nyavu, analala, anakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Na hakuna mtu Igombe nzima anayemwita mvivu.

Sasa mtoto wake, yuko kidato cha tatu, kanipokea kwa malalamiko hata begi sijashusha: "Kaka, One Piece wameifungaje?" Hawajaifunga, mdogo wangu. Wamepaki. Hii kitu imeanza kurushwa Japani tarehe 20 Oktoba 1999, mimi hata chekechea sijaanza, na imekwenda karibu kila wiki mpaka imepita epsodi 1,100. Desemba 2025 wamemaliza sehemu ya Egghead, wakatangaza: Januari hadi Machi tunapumzika, Aprili tunarudi na Elbaf, kisiwa cha majitu, na kuanzia hapo epsodi hazitazidi 26 kwa mwaka.

Dogo anaona kaibiwa. Mimi nilipopata habari nilishangilia peke yangu kwenye treni, watu wakahama kiti. Kwa sababu shida ya One Piece tunaijua sote. Anime inafuata manga, yaani kitabu chake cha michoro, manga haitoki kwa kasi ya kuilisha kila wiki, basi wanavuta. Luffy, mhusika mkuu, anakunja ngumi epsodi hii, ngumi inatua epsodi ijayo, katikati unaonyeshwa sura za watu kumi na tano wanashangaa mmoja baada ya mwingine. Mtu kanunua bando lake, anaangalia watu wanashangaa! Bora nusu ya epsodi zenye nyama.

Ila nisiwadanganye kwamba kupumzika ni dawa ya kila kitu, maana anime ya One Punch Man ipo. Msimu wa kwanza 2015, studio ya Madhouse, mpaka leo zile ngumi za Saitama, shujaa wake, nikiziona nywele zinasimama. Wa pili 2019, studio nyingine, J.C.Staff. Wa tatu tumeusubiri miaka sita, ukatoka Oktoba 2025, na nikamwona Garou, adui wake, anateremka mlimani kama picha iliyokatwa kwenye gazeti ikavutwa kwa uzi. Miaka sita! Mjomba nilimwelezea hilo, akauliza swali moja tu: "Sasa huo muda wote nyavu walikuwa hawashoni?"

Sina jibu, mjomba.

Tuje kwa za msimu huu, Januari hadi Machi 2026. Jujutsu Kaisen, ya wachawi, msimu wa tatu, Alhamisi, studio ya MAPPA wanaitengeneza. Kwa macho tu, hakuna wa kuigusa. Ile sehemu ya Maki na ukoo wake wa Zenin, wanaosoma manga walikuwa wanaisubiri miaka, na mimi sisemi zaidi, nendeni mkaone. Lakini ule mchezo wenyewe wa kuuana wanaolazimishwa kuucheza, jamani, kanuni zake! Ukiua mchawi pointi tano, ukiua mtu wa kawaida pointi moja, ukifikisha mia unaruhusiwa kuongeza kanuni nyingine, siku kumi na tisa zikipita pointi zako hazijabadilika unanyang'anywa nguvu. Katiba ya kikoba cha mke wa mjomba ni fupi kuliko hiyo, na kile kikoba kina faini za kuchelewa, za kuitikia simu na za kuja na mtoto. Hadithi inasimama mtu asome kanuni, ikianza kukimbia inasimama tena. Naiangalia kila wiki, sikatai, ila huwa narudisha nyuma mara mbili ndio nielewe nani anapigana kwa sababu gani.

Hell's Paradise imerudi, nzuri, damu nyingi, tusonge. Oshi no Ko nayo ipo msimu wa tatu. Dada yangu wa Buzuruga ndiye wa kumuuliza, mimi mambo ya umaarufu na uongo wa mastaa yananichosha.

Ya kwangu msimu huu ni Frieren. Madhouse hao tena. Na hapa nawapa kitu kidogo: Madhouse ilianzishwa 1972, mmoja wa waanzilishi ni mzee Masao Maruyama. Huyohuyo mzee, 2011, umri miaka sabini hivi ambayo kwetu ni ya kukaa kivulini na bao, akaanzisha studio nyingine. Jina lake MAPPA. Yaani Frieren na Jujutsu mnazogombania nani zaidi, ukifuata seremala unafika kwenye mlango mmoja.

Frieren ni mchawi wa kike, ameishi zaidi ya miaka elfu. Alisafiri na wenzake watatu miaka kumi, wakamuua Mfalme wa Mashetani, wakaagana. Anakuja kuwatembelea baada ya miaka hamsini, kwake ni kama wiki iliyopita. Himmel, kiongozi wao, keshakuwa kizee mwenye upara, na haichukui muda anafariki. Kwenye maziko ndio Frieren analia: miaka kumi yote, hakujaribu hata kumjua. Hadithi inaanzia hapo, vita vimekwisha! Zinazobaki ni safari, na uchawi wa ajabu ajabu anaokusanya usio na faida, kama wa kugeuza zabibu tamu kuwa chachu.

Juzi usiku, kwa kuwa mjomba hana pa kwenda, nikaegemeza simu kwenye sufuria nikamwekea zile nne za mwanzo, ambazo Japani zilirushwa kwa mkupuo mmoja Septemba 2023. Kijapani hajui, Kiingereza kinamchosha, nikawa namtafsiria kwa sauti kama wale wa vibanda vya video. Nilitegemea aseme katuni za watoto hizi. Kwenye maziko akaniambia nisimamishe.

Kakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Mimi nimevua na mwenzangu miaka kumi na mbili, mtumbwi mmoja. Jina lake kamili nimelijua siku ya kulisoma kwenye msalaba."

Akachukua tobolwa lingine. "Weka iendelee."

Basi mjomba kanasa, na sasa anataka hizi mpya za msimu wa pili, za Ijumaa. Nimemwambia ana deni, msimu wa kwanza una epsodi 28. Kaangalia juu, kahesabu siku za mwezi zilizobaki, kaona zinatosha.

Na kuhusu saa, nimalizie maana mnaniulizaga kila siku. Japani wanatutangulia saa sita. Saa yetu ya Kiswahili nayo inapishana na ile ya Kizungu kwa saa sita. Kwa hiyo namba inayoonekana kwenye saa ya Nagoya ndiyo saa mnayoitamka nyie Mwanza muda huohuo! Vituo vyao huwa vinaandika 25:30, maana yake saa moja na nusu kwa saa yao, usiku wa manane, watu wamelala. Wewe hapo Kirumba ni saa moja na nusu jioni, ndio kwanza unanawa ule. Kwenye programu za kulipia inaweza kuchelewa kidogo, lakini—

Naam, mjomba? ...

Anauliza hiyo ya Ijumaa ni saa ngapi. Saa kumi na moja, mjomba! ...

Anauliza ya huku au ya Japani.

Zote mbili, mjomba. Zote mbili!