Mzaliwa wa Togo aliyeongoza kijiji cha Ufaransa, na Mkinga wa kijijini kwetu

Mugonile, ndugu zangu wa Rungwe, Busokelo na Kyela, na ninyi wa Mbeya mjini mnaonitazama huku mkifunga maduka Mwanjelwa. Leo sipo jikoni kama mlivyozoea. Nimesimama kando ya mto Aulne, magharibi kabisa ya Ufaransa, na hiyo sauti mnayoisikia juu ya mwavuli ni mvua. Mtu wa Tukuyu hapati shida na hali ya hewa ya hapa: ukungu, majani mabichi, ng'ombe wa maziwa. Kijiji kile pale juu kinaitwa Saint-Coulitz. Kina watu mia chache tu.

Kilichonileta ni simu ya kaka yangu. Nilimuuliza habari za yule mzee wa pembejeo, Mkinga aliyetoka Makete, anayewauzia watu wetu mbolea na mbegu za viazi. Miaka zaidi ya 20 yupo kijijini kwetu. Ameoa pale, mama yake amemzika pale. Kaka akaniambia kwamba mwaka 2024, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba, mzee alijitokeza kuomba uenyekiti wa kijiji. Kwenye kura za maoni watu wakasimama wakasema: huyu ni wa kuja. Basi, ikaishia hapo.

Nilikaa kimya na simu sikioni. Mimi huku kila siku ndiye wa kuja. Natunza wazee mjini Brest, nawaogesha, nawalisha, na bado kila wiki kuna anayeniuliza nitarudi lini kwetu. Kwa hiyo neno lile lilinichoma, kwa sababu safari hii limetoka midomoni mwa watu wangu mwenyewe.

Sasa nisikilizeni habari za Kofi Yamgnane. Alizaliwa mwaka 1945 Bandjeli, kaskazini mwa Togo, katika nchi ya Bassar ambayo mababu zake walisifika kwa kuyeyusha chuma. Ndiyo, kama Wakinga! Babu zetu Wanyakyusa walilima kwa majembe yaliyofuliwa na Wakinga, na leo mjukuu wao tunamwita wa kuja.

Kofi alifika huku Bretagne, eneo hili la magharibi ya Ufaransa, akiwa kijana, miaka ya 1960, kusoma. Akasoma hisabati hapa Brest, akawa mhandisi, akaajiriwa na idara ya serikali ya ujenzi mkoani Finistère. Akaoa huku, akahamia kijiji hiki, akachukua uraia, akaingia kwenye halmashauri. Mwaka 1989 akawa meya.

Tuelewane kwanza meya wa Ufaransa anapatikanaje. Ni karibu sawa na Mstahiki Meya wa Jiji la Mbeya: wananchi wanachagua madiwani, madiwani wanamchagua meya miongoni mwao. Ila kwenye vijiji vidogo vya huku, wakati ule, mpiga kura alikuwa na haki ya kukata majina kwenye karatasi. Humtaki fulani? Unampiga mstari. Hakuna kujificha nyuma ya orodha ya chama. Katika kijiji cha wakulima weupe ambako kila mtu anamjua mwenzake mpaka na ng'ombe wake, jina la Yamgnane lilipita kwenye kalamu hizo.

Wapo wanaosema ndiye meya mweusi wa kwanza wa Ufaransa bara. Hapana. Raphaël Élizé, daktari wa mifugo mzaliwa wa Martinique, alikuwa meya wa Sablé-sur-Sarthe tangu 1929. Wajerumani wakamvua madaraka, na akafia katika kambi ya Buchenwald mwaka 1945. Jina lake nalo tulitaje.

Lakini kinachonifanya nimpende Kofi ni kile alichokifanya baada ya kushika kiti. Aliunda baraza la wazee. Kule alikozaliwa, jambo zito haliamuliwi kabla wazee hawajakaa chini, na alipokuta wazee wa huku wamewekwa kando akawaita wakae pamoja, waishauri halmashauri. Kupiga kura ya uamuzi walikuwa hawapigi, lakini walisikilizwa. Miji mingine mingi ya Ufaransa ikaiga. Mimi ninayeshinda na wazee wa huku najua uzito wake: wapo wanaokaa siku nzima dirishani, hakuna anayewauliza hata kama mvua itanyesha. Mwafrika ndiye aliyewakumbusha Wafaransa kuwauliza wazee wao. Na sisi tulio na mafumu wetu, wazee wa kuongoza vijiji tangu enzi, siku hizi tunawaita wakati wa mahari tu.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka 1991 aliteuliwa serikalini kushughulikia utangamano wa wahamiaji, ngazi inayofanana na naibu waziri kwetu, hadi 1993. Mwaka 1997 jimbo hili la Finistère likampeleka Paris kuwa mbunge, mmoja kati ya 577, hadi 2002. Umeya nao aliendelea nao hadi 2001, maana wakati ule mtu aliruhusiwa kushika vyote viwili. Tangu 2017 hairuhusiwi.

Kisha kuna hili ambalo halinitoki moyoni. Mwaka 2010 alitaka kugombea urais wa Togo. Jina lake likakatwa, kwa sababu nyaraka zake zilikuwa na tarehe mbili tofauti za kuzaliwa. Bretagne walikuwa na kalamu mkononi, hawakumkata. Kwao alikozaliwa, karatasi ikamkata.

Marehemu baba yangu alikuwa na tarehe mbili pia. Cheti cha ubatizo kilisema hivi, kadi ya kazi ya shamba la chai ikasema vile, na bibi alikuwa akisema yeye anakumbuka tu kwamba ulikuwa msimu wa kuvuna mpunga Kyela. Baba alikuwa mtoto wa nani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Sheria yetu haimuulizi mgombea uenyekiti wa kijiji kabila lake. Inamuuliza kama anaishi pale. Na mzee anaishi pale. Masika gari la mbolea linapokwama ndiye anayelala nalo barabarani ili ninyi mpande kwa wakati.

Kaka, najua unatazama. Kesho ukipita dukani kwake mwambie dada yako wa Brest amemsalimu, na kwamba mwaka 2029 akichukua fomu tena, nauli ya kwenda na kurudi nitamtumia mimi. Na siku ya kura za maoni uende ukasimame wewe, useme unavyomjua.

Ndaga fijo. Mvua imezidi, nazima kamera.